Mkate wa Nafaka Saba: Mwongozo wa Kuusoma Ukiwa Tabora

Kabla hujaenda dukani, hakikisha unayo sababu. Mtu wa Tabora haamki tu asubuhi akanunua mkate wa brauni, hutumwa. Pengine daktari amemwambia sukari imepanda, au binti yake aliyeko Dar es Salaam amepiga simu kupiga marufuku mkate mweupe, au ameanza kukaa na watu wanaotamka "faiba" bila kucheka. Sababu yoyote kati ya hizo inakubalika. Asiye na sababu aendelee na mihogo yake, hana kosa.

Vaa miwani. Kama huna, azima ya jirani, maana maandishi yenyewe yako nje ya uwezo wa miwani zote. Simu iwe na chaji: utahitaji tochi, na utahitaji kamera ya kupiga picha lebo kisha kuikuza. Nenda saa nne asubuhi, watu wa mkate wa chai wakiwa wameshapita. Ukienda saa kumi na mbili, foleni nzima itakusubiri umalize kusoma, na katika mji ambao watu wanajuana toka Kanyenye mpaka Isevya, habari itafika nyumbani kabla yako kwamba mzee kaonekana dukani anasoma mkate.

Muuza duka atakuja. Mazungumzo huwa mafupi.

"Shikamoo mzee. Nikusaidie?"

"Marahaba mwanangu. Nasoma tu."

"Bei hiyo hapo juu, mzee."

"Sisomi bei."

Baada ya hapo atasogea karibu zaidi, na si kwa nia ya kusaidia.

Uso wa mfuko utazame, lakini usikae hapo. Kuna masuke ya ngano yaliyoinama kwa adabu, kuna jua linachomoza, kuna namba 7 kubwa na neno "asilia" ambalo halijawahi kumtia mtu hatiani. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipoingia Kaze, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani, aliandika habari za kirangozi, yule kiongozi anayetangulia msafara: nguo nyekundu, ngozi ya mbega, manyoya kichwani, bendera mbele. Kila kijiji kilitoka kumtazama yeye. Pembe za ndovu zilikuwa zinakuja nyuma, mabegani mwa Wanyamwezi. Uso wa mfuko wa mkate ndiye kirangozi. Mpe heshima yake, mpishe apite, kisha geuza mfuko ukawatafute wapagazi.

Utawakuta kwenye mkunjo, pale plastiki ilipounganishwa kwa moto, baadhi wakiwa wameungua. Yanyooshe maandishi kwa vidole viwili, taratibu, usije ukautoboa mfuko na kulazimika kuununua kabla ya kuelewa. Mara nyingi yatakuwa kwa Kiingereza. Usiogope, tafuta tu mpangilio, kwa sababu siri yote imo kwenye mpangilio. Kanuni ya kimataifa ya Codex, ambayo viwango vya lebo vya Afrika Mashariki vimeifuata, inataka viambato viorodheshwe kwa uzito wake wakati wa kutengeneza: kizito kinatangulia, chepesi kinafuata. Kwa hiyo usihesabu majina. Angalia nani yuko mbele.

Wa kwanza ni unga wa ngano. Hapa mtu wa kawaida hushusha pumzi, akidhani ngano ni ngano. Lakini wewe umekulia nchi ya mashine za kusaga, unajua dona na sembe si kitu kimoja, na hakuna mtu Tabora nzima anayeweza kukuuzia sembe akaiita dona ukanyamaza. Basi itumie akili hiyohiyo. "Unga wa ngano" bila maelezo zaidi ni sembe ya ngano: pumba imeondolewa, kiini kimeondolewa, umebaki weupe. Ile ambayo haikukobolewa huandikwa kwamba ni ya ngano nzima, au kwa jina tulilozoea kwenye chapati, atta. Mkate ukianza na unga mweupe, huo ni mkate mweupe. Uliopakwa rangi, ndiyo, lakini mweupe.

Habari ya rangi tuimalize hapahapa. Ukahawia wa mkate hauthibitishi pumba. Karameli, ambayo kwenye lebo hujiita kwa namba ya viongezwa vya chakula, INS 150 na herufi nyuma yake, ni sukari iliyounguzwa kiwandani kwa utaratibu, na kazi yake pekee ni kukufanya useme "huu una afya". Molasi nayo hufanya kazi hiyo, na kuongeza utamu kidogo. Kuna wateja wanaochagua mkate kwa kuuweka kwenye mwanga na kutafuta ulio mweusi zaidi. Hao wanachagua karameli.

Wa pili kwenye orodha huwa maji. Kisha sukari, mafuta ya mboga, hamira, chumvi. Mpangilio wao hubadilika kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ukifika kwenye chumvi, simama. Vuta kiti kama kipo.

Chumvi ndiyo kipimo chako, na hakuna mtu atakayekwambia. Waokaji huweka chumvi kwa kiasi cha asilimia 2 hivi ya uzito wa unga. Ikizidi sana mkate haulikiki na hamira inasinzia. Mkate wa gramu 400 una unga wa karibu gramu 250. Asilimia 2 ya hizo ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Sasa rudi kwenye orodha uone ulezi umeandikwa wapi. Ukiwa baada ya chumvi, basi katika mkate mzima ulezi hauzidi hicho kijiko. Mtama ukiwa baada ya ulezi, nao hauzidi ulezi. Shayiri, uwele, mbegu za kitani, alizeti, wote wamepanga foleni nyuma ya kijiko cha chumvi, na ndio waliochorwa mbele ya mfuko. Kata mkate huo vipande 16, utapata ulezi wa theluthi moja ya gramu kwa kila kipande. Panzi akitua anaweza kukuongezea uzito kuliko huo.

Tufanye hesabu ya mtu mwenye imani. Ulezi unasifika kwa madini ya kalsiamu, na sifa hiyo ni ya haki: gramu 100 zina karibu miligramu 340, mahindi hayafiki hata karibu. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Gramu 5 za ulezi zinampa 17. Kwa hiyo, ili ulezi wa mkate wako utimize haja ya mifupa yako, kula mikate 59 kila siku. Anza na mmoja asubuhi, uone unavyojisikia.

Mtengenezaji mwingine, aliyesoma kanuni vizuri kuliko wewe, ataandika "mchanganyiko wa nafaka" na kuishia hapo, bila kutaja nafaka zenyewe. Usimtukane. Codex inasema kiambato mchanganyiko kikiwa chini ya asilimia 5 ya chakula, si lazima kichambuliwe, isipokuwa kina vitu vinavyoleta mzio au kemikali zinazofanya kazi ndani ya chakula. Yeye amekuwa mkweli kwa namna yake: amekuambia ni chini ya asilimia 5. Lakini kanuni hiyohiyo ina kifungu kingine ambacho wachapishaji wa mifuko hukisahau haraka sana. Ukikitukuza kiambato mbele ya mfuko kwa maneno au picha, utaje asilimia yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza duka lipo, na ni fupi: "Asilimia ngapi?" Atajibu, "Mzee, ni nafaka saba." Rudia swali. Atamuita bosi wake. Bosi atakuambia nafaka saba.

Na hata zingekuwa saba kamili, kila moja na kilo yake, bado kuna jambo wataalamu wetu wa lishe wanalieleza kliniki kwa kina mama kila siku: nafaka zote ziko kundi moja la chakula, pamoja na viazi, mihogo na ndizi mbichi. Mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele, ngano na shayiri wakikutana kwenye sahani moja, kilichoongezeka ni wanga. Kesi hii imeshajadiliwa sana kuhusu unga wa lishe, ule unaopakiwa kwenye mifuko ya nailoni na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, ambao kadiri orodha yake inavyorefuka ndivyo mama wa mtoto anavyoamini amenunua dawa. Ndani hutiwa soya ambayo isipokaangwa sawasawa humsumbua mtoto tumbo, na karanga ambazo zikisagwa huanza kuchacha, na ambazo zikihifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hapo sina mzaha. Unga wa lishe wenye vitu vitatu ulivyoviona kwa macho vikichambuliwa nauamini kuliko wenye vitu kumi na moja na picha ya mtoto wa Kizungu.

Kwenye mkate utakuta pia majivuno ya madini chuma. Usiwape shukrani mtama wala ulezi. Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vya unga wa ngano nchini vinatakiwa kuurutubisha kwa madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Mkate mweupe wa bei nafuu uliookwa kwa unga huo unavyo vyote. Tofauti ni kwamba wenyewe hauna mbwembwe.

Sasa namba. Mtu akiziona mara ya kwanza huurudisha mkate kwenye shelfu na kunawa mikono. Taratibu. INS 300 ni vitamini C, imewekwa kuusaidia unga usimame. INS 471 ni mafuta yaliyochakatwa ili mkate ubaki laini. Yanaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama, na lebo haisemi ni yupi, kwa hiyo Mwislamu wa Gongoni anayo haki ya kutafuta alama ya halali kabla ya kuendelea. INS 920 huulainisha unga, na kwa miaka mingi imekuwa ikitengenezwa kutokana na manyoya ya bata na nywele. Hii usimsimulie mtu akiwa anakula. Ya kukataa kabisa ni INS 924a, bromati ya potasiamu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1990, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakasema mwaka 1992 kuwa haifai kutumika kwenye unga, na mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka kati ya vitu vinavyoweza kusababisha ugonjwa huo kwa binadamu. Hutaiona kwenye lebo. Anayeitumia si mtu wa kuandika.

INS 282, propionati ya kalsiamu, ndiyo ninayotaka uiheshimu, maana bila hiyo kusingekuwa na mkate wa duka Tabora. Ni kinga ya ukungu. Mkate unaookwa mbali unasafiri zaidi ya kilomita 800 kama umetoka Dar es Salaam, unashushwa stendi, unakaa kwenye joto la mwezi wa kumi, na bado siku ya tatu unabonyezeka ukarudi. Mmisionari David Livingstone alikaa Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1872 toka Februari hadi Agosti akisubiri wapagazi watumwe kutoka pwani. Mkate wa kawaida katika mzigo wao ungeota manyoya kabla ya kuvuka Ugogo. Propionati haihesabiwi kuwa na madhara kwa kiasi kinachotumika kwenye mkate. Inachofanya ni kukunyima ishara uliyozoea. Nyumbani kwako mkate ulikuwa ukikuambia wenyewe umeharibika. Huu haukuambii, kwa hiyo soma tarehe, na ukikuta imegongwa juu ya maandishi mengine, soma tarehe ya mkate wa jirani yake kwenye shelfu.

Mistari myeusi ya kuskani nayo watu wanaisoma siku hizi. Namba yake ikianza na 620 imesajiliwa Tanzania, 616 Kenya. Haielezi ngano imelimwa wapi. Ngano yetu nyingi inaagizwa kutoka nje, ndiyo maana vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilifika mpaka kwenye maandazi.

Ukikuta neno "asali", uko Tabora, cheka. Mkoa huu wenye misitu ya miombo toka Sikonge hadi Urambo ni maarufu kwa asali nchi nzima, na hapa unauziwa mkate ambao asali yake imeandikwa nyuma ya chumvi. Halafu ukitoka nje ya duka, mita chache, kuna asali halisi, au inayodaiwa kuwa halisi, kwenye chupa ya maji iliyotumika, bila lebo, bila tarehe, bila namba. Ya dukani ina maelezo yote na haina asali; ya barabarani ina asali na haina maelezo. Kuhusu majaribio ya kuitambua, yale ya kiberiti, ya sisimizi na ya kudondosha kwenye karatasi, yafanye tu kama burudani. Muuza asali mwenyewe ndiye atakayekuazima kiberiti.

Kuna jambo katika habari hii ambalo linanikera kweli, na nitalisema bila kejeli kwa sentensi chache. Njia ya kati ya misafara, toka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Kilimatinde hadi hapa na kwenda Ujiji, ilitembea kwa mtama. Posho ya mpagazi aliyoiandika Burton ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama ratili moja na nusu, na juu yake mtu alibeba mzigo miezi mitatu. Nafaka nzima, iliyopondwa kwa kinu. Ngano ilikuwa mgeni: Waarabu wa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, walilima kidogo kwa ajili ya meza zao kwenye matembe, na mpagazi aliiona kwa mbali. Leo mjukuu wa mpagazi analipa zaidi ili arudishiwe kijiko kimoja cha mtama wa babu yake ndani ya ngano ya nchi nyingine. Umoja wa Mataifa ulitangaza 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, uwele, ulezi na jamaa zao. Vikongwe wa Nzega waliokuwa wakiula miaka yote hiyo hawakupelekewa hata fulana.

Mwokaji atajitetea kwamba mtama hauumuki, na hapo ana hoja. Ngano ina gluteni, ile nata inayoshika hewa ya hamira. Mtama hauna, na mkate wa mtama mtupu hubaki chini umelala. Lakini Shirika la Chakula na Kilimo lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko tangu 1964, na tafiti nyingi zilizofuata zinaonyesha kuwa unaweza kuweka mtama wa asilimia 20 hivi na mkate bado ukasimama. Katika gramu zetu 250 hizo ni gramu 50, vijiko kumi, mbele kabisa ya chumvi kwenye orodha. Kwa hiyo kinachoukwamisha mtama hapo si hamira. Na kama kuumuka si lazima, watu wa pwani, kule ilikoanzia njia, wanao mkate wa mofa: unga wa mtama, unabandikwa ndani ya tanuri la udongo, unaliwa na samaki. Haujawahi kuandikwa nafaka ngapi.

Umemaliza kusoma. Muuza duka bado amesimama hapo. Usiondoke mikono mitupu baada ya kumchosha kijana wa watu asubuhi yote. Nunua mkate mweupe, ule wa kawaida, kwa ajili ya wajukuu, na chenji inayobaki kwa kutonunua ule mwingine ipeleke Soko Kuu kwa wauza nafaka. Chukua kopo la ulezi na makopo mawili ya mtama. Penyeza mkono mpaka chini ya gunia, maana mawe hukaa chini, na ukiona punje zenye ukungu nenda kwa anayefuata bila kueleza. Pepeta, osha, anika, peleka mashineni.

Pale hakuna lebo, lakini kuna kijana mweupe kwa unga toka kichwani hadi miguuni, na ana swali moja tu: "Nikoboe, au nisage hivyohivyo?" Mjibu kwa sauti ya juu na umuonyeshe kwa mkono, mashine ina kelele.